Takasaki, mji uliolea mabingwa wa softiboli

Treni ya kasi kutoka Tokyo haimalizi saa moja kabla ya kuufikia mji wa Takasaki, katika mkoa wa Gunma nchini Japani. Ni mji unaotazamana na milima, na wakati wa baridi upepo wake hukata kama wembe.

Madukani mgeni hulakiwa na wanasesere wekundu wa duara, wasio na mikono wala miguu, waitwao daruma. Wengi wa daruma wauzwao Japani hutengenezwa papa hapa. Anayeweka nia humchora daruma wake jicho moja. La pili huchorwa nia ikitimia.

Kwa wapenda michezo, hata hivyo, Takasaki ni mji wa softiboli. Mchezo huu ni ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi na mrushaji huurusha mkono ukipitia chini, kando ya nyonga. Wachezaji wakuu wa Japani huajiriwa na makampuni. Timu ya hapa ilikuwa ya Hitachi, na tangu 2015 imekuwa ya Bic Camera.

Miaka ya 1980 Hitachi ilimkabidhi timu hiyo Utsugi Taeko, mama asiyejua mzaha mazoezini. Aliwapigia wasichana mipira mfululizo, mmoja baada ya mwingine, nao hawakuwa na budi kuidaka.

Sifa zake zilivuka bahari. Mwaka 1988 Ren Yanli, mchezaji wa timu ya taifa ya Uchina, aliiacha Beijing akamfuata Takasaki. Mwaka 1995 alichukua uraia wa Japani, na kwa heshima ya mwalimu wake akajiita Utsugi Reika.

Uamuzi huo haukuwa wa bure. Softiboli ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Atlanta 1996, sheria za uraia zilimzuia kuichezea Japani. Uchina, nchi aliyoiacha, ikanyakua medali ya fedha. Ilimbidi asubiri hadi Sydney 2000, ambako Taeko alikuwa kocha wa taifa. Katika fainali Reika aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, ingawa Marekani ilishinda 2-1.

Mwaka 2001 alifika Takasaki msichana mrefu kutoka Fukuoka, Ueno Yukiko, mwenye mkono wa kombora. Reika, ambaye baadaye alikuwa kocha wa timu hiyo, akawa mlezi wake. Katika Olimpiki ya Beijing 2008 Ueno alirusha mipira 413 kwa siku mbili, michezo mitatu, na Japani ikaishinda Marekani 3-1 na kutwaa dhahabu.

Kisha mlango ukafungwa. Softiboli iliondolewa katika Olimpiki baada ya mashindano hayo. Mchezaji aliyekwisha kupata kila kitu angefanya mazoezi kwa ajili gani? Ueno aliendelea kuvaa jezi ya Takasaki mwaka baada ya mwaka, mlezi wake akiwa karibu.

Mchezo uliporudi katika Olimpiki ya Tokyo, iliyoahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, kocha wa taifa alikuwa Reika. Ueno, mwenye umri wa miaka 39, alianza fainali dhidi ya Marekani. Baadaye alimpisha Goto Miu, chipukizi wa miaka 20, kisha akarudi kumalizia. Japani ilishinda 2-0.

Leo Takasaki ina Uwanja wa Utsugi, jina la mwalimu na mwanafunzi wake kwa pamoja. Softiboli haikuwepo Paris 2024, lakini imepangwa kurudi Los Angeles 2028.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi wazazi wa mjini huwa wepesi kununua viatu vya michezo na wagumu kuuliza ni nani anayemfundisha mtoto. Jumamosi ijayo, kabla ya kumshusha mwanao langoni na kuondoa gari, ingia uwanjani. Msalimie kocha wake, kisha keti umtazame anavyomsahihisha mtoto aliyekosea. Hapo ndipo utakapojua umemwacha mwanao mikononi mwa nani.