Mwili Wangu na Maji

12 Julai 2025, Butihinda

Leo nimeshinda soko la Kobero. Malori ya Dar es Salaam yalikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Burundi na Tanzania, na kando ya barabara wauza mitumba wametandaza maturubai. Nimepekua rundo la nguo za michezo hadi nikapata nilichokitafuta: vazi la kuogelea la buluu iliyokolea, la mikono mirefu, na suruali yake inafika kwenye vifundo vya miguu. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unamchukulia binti?" Nikamjibu ni langu mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akanipunguzia bei.

Wifi yangu amenialika Bujumbura, nikajifunze kuogelea pamoja na wanawe. Usiku nimejifungia chumbani nikalijaribu. Limenibana. Tumbo lililobeba watoto watatu limechomoza, mapaja yamejaa, na mpira wa kiunoni umeacha alama juu ya michirizi ya uzazi. Huku kwetu ukiambiwa umenenepa, umesifiwa. Mzazi akitoka ndani amekonda, watu husema wakwe hawakumtunza. Mbona basi sifa hiyohiyo inageuka aibu nikivua kitenge? Nadhani ni kwa sababu kitenge kinaacha watu wakisie, na vazi la kuogelea halimwachii mtu cha kukisia.

18 Julai, Butihinda

Nimemweleza mama. Akaniuliza, "Mwanangu, kwa umri huu, mbele za watu?" Nikaleta vazi akalishika, akalivuta, akaona halionyeshi ngozi. "Si ungevaa tu dera lako?" Nikamweleza kwamba dera la pamba likiloa linakuwa zito na linajisokota miguuni, kitambaa hiki hakinywi maji mengi, na kinakauka upesi.

Nikamsimulia habari za Nungwi, Unguja, ambako mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Picha zao, alizopiga mpiga picha Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Mama akashangaa: "Wanaishi pwani na hawajui kuogelea?" Ndivyo, mama. Bahari wanaiona kila asubuhi. Kilichokosekana ni ruhusa, mwalimu na nguo.

Nguo ya namna hiyo, iitwayo burkini, ilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama wa Australia mwenye asili ya Lebanoni. Mwaka 2016 mameya kadhaa wa Ufaransa, kuanzia Cannes, waliipiga marufuku ufukweni, hadi tarehe 26 Agosti mahakama ya juu ya utawala iliposimamisha marufuku ya mji mmojawapo. Kule mwanamke aliambiwa amejifunika mno, kwingine huambiwa amejifunua mno. Kote mwili ni wake, na anayeamua ni mwingine.

25 Julai, Butihinda

Leo ni Siku ya Dunia ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Majini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa kwa kuzama, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nimekumbuka utoto wetu mtoni. Wavulana walivua nguo wakajitosa, wakajifunza kwa kunywa maji na kuyatema. Sisi wasichana tulifua, tukachota, tukarudi nyumbani. Maji tuliyashika kila siku, na hakuna aliyetufundisha la kufanya mguu ukiteleza. Aibu tuliyofunzwa haina msaada kwa mtu anayezama.

2 Agosti, Bujumbura

Safari ilikuwa ndefu, mafuta ya gari yalikuwa ya kutafuta. Lakini leo nimeingia bwawani. Nilisimama pembeni nimejifunga kanga juu ya vazi, macho ya watu nayahisi mgongoni. Mwalimu wetu, mwanamke, akanyoosha mkono: "Kanga iache hapo, njoo." Nikaiacha.

Hewa ikajaa ndani ya nguo, kifua kikavimba. Akanionyesha namna ya kuikamua kuelekea shingoni. Kisha akanilaza chali, kiganja chake chini ya mgongo wangu. "Vuta pumzi ujaze kifua. Kidevu juu. Nyanyua tumbo, usilifiche!" Miguu ikataka kuzama, nyonga zikabaki juu. Akaondoa kiganja, sikuzama.

Ameniambia sababu: mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, misuli na mifupa ni mizito zaidi. Binti wa wifi yangu, mwembamba wa kupendeza, alihangaika sana kuelea, na baridi ikamtoa mapema. Nyonga nilizokuwa nazionea haya ndizo zilizonishika juu.

3 Agosti, Bujumbura

Jioni tumekwenda Saga, ufukweni mwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Kulikuwa na wanawake wa kila umbo: wa bikini, wa taiti na fulana, bibi mmoja ameketi kwenye maji ya kina kifupi na kitenge chake. Sikuona aliyemkodolea mwenzake macho. Kila mtu yuko na watoto wake.

Wifi amenikumbusha habari za Elsie Uwamahoro, Mrundi mwenzetu, aliyeogelea mita 50 mtindo huru katika Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012. Alisimama na vazi la kuogelea mbele ya dunia nzima, akaiwakilisha nchi isiyo na pwani.

10 Agosti, Butihinda

Nimeelewa jambo moja, naliandika lisinipotee. Kujiamini sikukupata mbele ya kioo, wala sikungoja tumbo lipungue. Kulikuja baada ya mwili kufanya kazi: kuelea, kupumua, kusukuma maji. Na vazi zuri ni lile linalokuwezesha kuingia majini na kutoka salama, liwe refu au fupi.

Binti yangu mkubwa ameniomba nimfundishe. Nitampeleka kwa mwalimu, na nguo atachagua mwenyewe. Wazazi wenye mabinti karibu na mto au ziwa ningewaomba hili: wafundisheni kuogelea kabla hamjawafundisha kuionea haya miili yao.