Safari ya Ghafla Gitega

Saa sita mchana mtumishi mmoja wa Bujumbura aliagizwa kufikisha faili Gitega kabla ofisi hazijafungwa. Hakupata hata wasaa wa kuaga nyumbani. Gari lilipanda milima kutoka ziwani hadi Bugarama, ambako baridi ilimkumbusha kwamba amesahau koti. Kisha likapita Muramvya. Safari yote ni kilomita 100 hivi.

Gitega ndiko alikokulia, kila kichochoro akikijua. Lakini tangu mji huo ufanywe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, mambo yamegeuka: alikuta ofisi aliyoizoea imehamishwa. Muuza karanga, mtoto mdogo, ndiye aliyemwongoza mwenyeji huyo. Faili lilipokelewa mlango ukikaribia kufungwa.

Zikabaki dakika kumi. Alikimbilia kwa mama yake, akasimama mlangoni.

“Mama, nimepita tu.”

“Wapitao ni wageni, mwanangu. Wewe keti ule.”

Honi ya gari ikalia. Alipokea mfuko wa maharage, akaondoka kwa aibu.

Kazi ya serikali ilitimia siku ile. Ya mwana haikutimia. Jumamosi iliyofuata alirudi Gitega, bila faili, akaketi, akala.