Sina Mimba, Nina Tumbo Linalochelewa

Muhula uliopita kuna swali lilizunguka hosteli yetu nzima, mimi nikawa wa mwisho kulisikia: "Hivi yule ana miezi mingapi?" Siwalaumu, ushahidi walikuwa nao. Natapika asubuhi. Natembea na chupa ya chai iliyojaa mtori. Na hapa Moshi nani asiyejua kwamba mtori ni chakula cha mzazi? Mwanamke akijifungua, sufuria la mtori linafika kabla ya zawadi za mtoto.

Basi nijibu hapa, mara moja kwa wote. Sina mimba. Nina tumbo linalochelewa kumwaga chakula. Madaktari wanaita gastroparesisi.

Nilianza mwaka wa kwanza nikiwa na kilo 126, presha, na sukari iliyokuwa imeshaanza kupanda. Nilishafunga kula, nilishakunywa maji ya limau na tangawizi mpaka meno yakafa ganzi. Baba mdogo aliyeko Marekani akalipia upasuaji, nikafanyiwa Dar wakati wa likizo ndefu. Wanakata na kutoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya tumbo, kinachobaki ni bomba jembamba lililopinda kidogo. Daktari alinichorea kwenye karatasi, nikaona ndizi. Ukizaliwa Kibosho kila kitu ni ndizi.

Kwa wengi, tumbo lililokatwa namna hiyo humwaga chakula haraka kuliko zamani. Langu likaenda kinyume. Miezi minne mambo yalikuwa poa, halafu nikaanza kushiba kwa vijiko vitatu, na asubuhi natapika wali wa jana jioni, punje zikiwa bado nzima. Daktari alihofia bomba limebana mahali, kwa hiyo nikapitishiwa kamera mdomoni. Nilikuwa sijala kwa saa 14. Njia ilikuwa wazi kabisa, ila chakula cha jana kilikuwa bado kimekaa pale, kimetulia kama abiria wa Hiace inayosubiri kujaza.

Nilivyoelezwa ni kwamba chakula hakidondoki chenyewe. Misuli ya tumbo inakisaga na kukisukuma kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mdogo, na misuli hiyo inapokea amri kupitia neva ya vagasi. Neva ikiumia, mwendo unalegea. Wapo watu waliougua kisukari miaka mingi ambao wanaijua hali hii vizuri bila kuguswa na kisu.

Kutapika nimekuzoea. Sentensi ambayo sijaizoea ni hii: "Si ulitaka mwenyewe?" Mtu akivunjika mguu kwenye bonanza la kitivo hakuna anayemuuliza hivyo, tunamchangia na kumbebea begi. Sukari yangu imeshuka, presha imeshuka, ngazi za maktaba napanda bila kusimama katikati. Ningeambiwa nichague tena, ningechagua kilekile. Na bado nina haki ya kusema tumbo linaniuma.

Kafeteria ndiyo imenishinda. Makande, yaani mahindi na maharage na maganda yake, yanakaa tumboni mwangu kama mawe. Chipsi mayai ni mafuta, na mafuta huchelewesha tumbo hata la mtu mwenye afya. Parachichi vilevile, na hili linaniuma kweli, maana msimu wake huku juu unayaokota bure. Maembe yenye nyuzi nimekatazwa, kwa sababu nyuzi zinaweza kujikusanya zikawa donge. Soda nayo ni gesi tupu.

Desemba nikapanda nyumbani. Mnajua Desemba ya Uchaggani ilivyo: magari kutoka Dar yamejaa barabarani, mbuzi hawana amani, na kila nyumba unayoingia unawekewa sahani. Huulizwi kama una njaa. Kukataa machalari ya shangazi ni kama kumkataa shangazi mwenyewe. Nyumba ya tatu nikasema nimeshiba, mjomba mmoja akanisogezea kata ya mbege huku akicheka, "Huyu siku hizi ni wa mjini, anaringa." Nikatoka nje kabla machozi hayajaanza.

Bibi ndiye aliyenyamazisha ukoo. Alinikuta nyuma ya zizi nimeinama, akasubiri nimalize, akanipa maji ya kusukutua. Kisha akaingia ndani nikamsikia, "Mwacheni mjukuu wangu. Kwani mzazi siku ya kwanza mnampa ndafu?"

Kuanzia hapo alinilea kama mzazi asiye na mtoto. Ndizi mshare, zichemke mpaka zilainike kabisa. Supu ya nyama aliiacha ipoe kwanza, akaengua mafuta yaliyoganda juu. Akaponda kwa mwiko, akachuja kwa chujio la chai, akanipa kikombe kimoja kidogo. Baada ya saa mbili na nusu, kingine. Mtaalamu wa lishe alikuwa ameniambia maneno hayohayo: milo sita midogo, laini, isiyo na mafuta wala nyuzi nyingi, na nisilale baada ya kula. Bibi aliongeza kutembea, tukawa tunashuka pamoja mpaka mtoni na kupanda taratibu.

Dawa nilipewa pia. Metoklopramidi husaidia kusukuma, lakini haishauriwi kupita wiki 12, kwa sababu inaweza kuleta mchezo wa misuli ya uso usiozuilika. Vitamini nameza kila siku. Na kama kuna mwenzangu aliyefanyiwa upasuaji huu na anatapika mfululizo, asikae geto akisubiri ipite: vitamini B1 huisha haraka mwilini, na ikiisha neva zinaumia. Nenda hospitali, waambie umekatwa tumbo.

UE zinaanza Jumatatu. Mshauri wa wanafunzi ameniruhusu kukaa karibu na mlango na kuingia na chupa yangu. Jana nilijaribu nusu yai la kuchemsha, nikazunguka uwanja mara mbili. Mpaka naandika hapa, halijarudi.