Kihamba Kabla ya Masika

Masika hubisha hodi mwezi wa Machi, na mkulima mwenye busara hangoji mvua imkute jembe likiwa bado limeegemea ukuta. Leo twende pamoja mpaka miteremko ya Kilimanjaro, tuone jinsi Wachagga wanavyotengeneza bustani zao, tupate mawili matatu ya kupeleka nyumbani kwetu.

Ukitoka Moshi, shika barabara ya kwenda Taveta. Ukifika Himo, iache, ugeuke kushoto kuupanda mlima. Huku chini mwezi wa Februari nchi ni kavu, vumbi limetanda, na mashamba ya mahindi yamelimwa, yanangoja mvua. Lakini kila unavyozidi kupanda, hewa yapoa, na mara wajikuta kivulini. Usidhani umeingia msituni. Haya ni mashamba ya watu, na nyumba zao zimo ndani yake. Kila moja huitwa kihamba.

Tazama vizuri. Juu kabisa imesimama miti mikubwa kama mruka na mringaringa. Chini yake iko migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, viazi vikuu na maharage. Kila mmea una ghorofa yake. Ng'ombe hukaa bandani, akaletewa majani, mengine hubebwa kichwani na akina mama kutoka tambarare. Samadi yake hurudi kwenye migomba. Hakuna kitu kinachotupwa. Ndiyo maana mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kahawa ni mgeni hapa. Ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na misheni ya Kilema ni miongoni mwa mahali ilipopandwa kwanza. Wenyeji waliipokea vema, hata mwaka 1933 wakawa na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU.

Halafu sikiliza, utasikia maji. Ni mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na mababu kuyaleta maji kutoka mtoni. Maji hugawanywa kwa zamu. Siku ya kuusafisha mfongo wote huitwa, na asiyefika hutozwa faini. Hivyo ndivyo ilivyo: maji ya wote yataka mikono ya wote.

Basi, sisi tufanye nini wiki hizi kabla ya mvua?

Kwanza, punguza machipukizi ya mgomba. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Mengine yaondoe, maana ndugu wengi wakila chungu kimoja hakuna atakayeshiba. Chipukizi la kupanda lichague kwenye shina zima, wala usilitoe kwenye mgomba unaonyauka.

Pili, chimba mashimo mapema, futi 3 kwenda chini na futi 3 upana. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ule wa juu uchanganye na samadi iliyooza, nao ndio utangulie kurudi shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Tatu, ukiwa na kahawa, kata matawi makavu na maotea, mwanga na hewa vipite.

Nne, tandaza majani makavu juu ya udongo ili mvua isiuchukue, lakini yasiguse shina.

Tano, manyunyu ya kwanza yasikudanganye. Fukua kwa mkono: kama chini bado ni vumbi, ngoja. Mbegu iliyoota kisha ikakosa mvua ni hasara mara mbili.

Lakini, wazazi, liko neno zito zaidi. Huko Kilimanjaro mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, hata mengine yamebaki vipande vidogo, na vijana wengi wameshuka kwenda Arusha na Dar es Salaam. Hurudi Krismasi, mlima ukajaa vicheko. Lakini kihamba chataka mikono mwezi wa Februari, wakati mabasi yamekwisha warudisha mjini. Mara nyingi anayebaki na jembe ni bibi peke yake. Mfongo usiposafishwa hujaa matope, na ujuzi usiofundishwa hufa pamoja na mwenyewe.

Je, kwenu siko hivyo? Basi msimu huu usimtume mtoto shambani kama adhabu. Mpe mgomba wake mwenyewe, achimbe shimo, apande, na mkungu utakapokomaa uwe wake. Mtoto aliyekula jasho lake hasahau njia ya shambani.

Mvua ikinyesha, itukute tayari.