Kuwa Mwalimu Uvira bila Digrii ya Ualimu

Katika mfumo wa elimu wa Kongo, sifa ya mwalimu huandikwa kwa herufi na tarakimu: D4 ni mhitimu wa miaka minne ya sekondari ya zamani, D6 ni mwenye Diploma ya Serikali, inayotolewa kwa mtihani wa taifa ulioanzishwa mwaka 1967, na G3 ni aliyesoma miaka mitatu katika chuo cha juu, kwa mfano kile cha ualimu, maarufu kama ISP. Kwa mpango huo, anayefundisha shule ya msingi alitakiwa awe amepitia tawi la pedagojia huko sekondari, na mwenye lisansi ya uchumi au sheria anayetaka kufundisha madarasa ya juu aongeze agregasyo, yaani masomo ya mbinu za kufundisha yanayomfanya msomi wa fani nyingine atambulike kuwa mwalimu. Hata hivyo, katika mji wa Uvira na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kuelekea Makobola na Baraka, wengi waliingia darasani kwa mlango mwingine.

Mlango huo ulipanuliwa na njaa ya walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipokosa thamani na migomo ikafunga madarasa, wazazi walikubali kuchanga primu, yaani nyongeza ya kila mwezi ya kumbakiza mwalimu kazini, na tangu hapo aliyeweza kulipwa na wazazi aliweza kuajiriwa na shule, hata kama hakusomea ualimu. Vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya watu hadi ng'ambo ya ziwa, mkoani Kigoma nchini Tanzania, ambako katika kambi ya Nyarugusu watoto waliendelea kufuata mtaala wa Kongo, na kwa waliobaki na kwa waliokimbia, mtu mwenye D6 ya tawi lolote alikuwa hazina.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa hao wenye D6, akiwa na diploma ya biashara na utawala, na pedagojia yake yote aliipata katika seli, kikao ambamo walimu wa shule moja hukutana ili mmoja afundishe somo la mfano na wenzake walijadili. Aliyemlea alikuwa mama mwalimu wa D4, ambaye alimfundisha kuijaza fishi ya matayarisho hatua kwa hatua, yaani marudio, kuamsha hamu, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari na matumizi, na ambaye siku ya somo la kutoa alimzuia kuandika ubaoni kabla watoto hawajaulizwa mafungu ya ndagala, yaani dagaa, yanabaki mangapi mama anapouza matatu kati ya manane. Darasa zima liliitika kwa sauti moja, na tangu siku hiyo mwandishi alielewa kwa nini hatua ya pili ipo kwenye fishi.

Kutambuliwa rasmi, hata hivyo, kulikuja kumaanisha jambo jingine. SECOPE, idara ya udhibiti na malipo ya walimu iliyoundwa katika miaka ya 1980, ndiyo iliyotoa matrikile, namba ya mwalimu katika orodha ya serikali, na aliyeingizwa katika orodha ya malipo husemwa amemekanizwa. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilipofanywa bure Septemba 2019, kwa mujibu wa kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, madarasa yalifurika watoto, jambo la haki lililocheleweshwa mno. Lakini primu ilikoma shuleni humo, na mwalimu asiyemekanizwa, awe D6 wa biashara au wa pedagojia, alibaki bila mzazi wa kumlipa na bila serikali ya kumlipa. Sekondari, ambako wazazi waliendelea kuchanga, mambo hayakubadilika sana.

Hivyo, kwa muda wa kizazi kimoja, uthibitisho wa mwalimu asiye na digrii umehama kutoka kwa wazazi na mkuu wa shule ukaenda kwenye orodha ya Kinshasa, na katika kuhama huko kazi ya seli haikuhesabiwa popote. Mwandishi anashikilia kwamba ingepaswa kuhesabiwa, kwa kuwa mkaguzi anayeketi nyuma ya darasa anaweza kuandika katika ripoti yake ni nani anayejua kufundisha, na ripoti hiyo ingetosha kumfungulia mwenye D6 yeyote njia ya matrikile.