Ruzuku Ifike Mkononi mwa Mwenyewe

Maskini hupewa msaada mbele ya macho ya watu. Jina lake husomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wanakijiji wakaulizwa kama kweli hana kitu, na malipo yakiwa taslimu, siku ya kupokea hukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji mpaka aitwe. Sisemi utaratibu huo ulitungwa kwa nia mbaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), uliwaachia wanakijiji wenyewe kazi ya kutaja kaya zenye hali ngumu, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyumba gani hulala na njaa. Uwazi huo ulisaidia kuwazuia wajanja wasijaze majina ya ndugu zao. Lakini ipo hatua ambapo uwazi hugeuka mzigo, na mzigo huo nimeuona kwa mama yangu mdogo.

Ni mjane, anaishi kijijini mkoani Lindi, analea wajukuu. Zamani ruzuku ilipokuwa ikilipwa fedha taslimu, kila baada ya miezi miwili, aliamka alfajiri, akafunga kadi yake kwenye pindo la kanga, akaenda kupanga foleni. Katika awamu ile ya kwanza kiwango cha msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, kikiongezwa kidogo kwa ajili ya watoto wanaohudhuria shule na kliniki. Si fedha nyingi. Hata hivyo, anapoweka dole gumba kwenye karatasi, mwenye duka ameshasimama pembeni na daftari lake la madeni. Kijumbe wa mchezo naye yupo. Yupo na shemeji ambaye hakuonekana tangu malipo yaliyopita. Hela ilikuwa na wenyewe kabla mama mdogo hajaigusa, na kwa heshima yake hakuweza kumkatalia mtu mbele ya kadamnasi.

Kisha malipo yakahamia kwenye simu. Ujumbe ukaingia akiwa shambani, akasomewa na mjukuu, akaendelea kupalilia. Nilipomtembelea na kumwamkia, alinionyesha mitetea aliyonunua na madaftari ya watoto, akaniambia, "Mwanangu, safari hii nilikaa kwanza nikafikiri." Hela alikuwa ameiacha kwenye simu wiki nzima. Deni la dukani alilipa, ila alilipa siku aliyochagua mwenyewe.

Maneno yale yamenikaa moyoni. Nilizoea kudhani kwamba shida ya maskini ni kipato, tukimwongezea, basi. Mama mdogo alinifunza kuwa ipo dhiki nyingine ndani ya umaskini, ya kukosa nafasi ya kuamua jambo lako bila watu kukukodolea macho. Mwenye mshahara anayo nafasi hiyo kila mwisho wa mwezi wala haioni kuwa ni neema.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Baada ya ukame uliopiga Niger mwaka 2009, shirika la Concern Worldwide liligawa fedha kwa kaya zilizoathirika, nyingine zikipokea taslimu mkononi, nyingine kwa simu. Mchumi Jenny Aker na wenzake wakafuatilia matumizi. Kiasi kilikuwa kilekile, lakini nyumba zilizopokea kwa simu zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi. Sababu moja ilikuwa muda uliookolewa. Nyingine ni kwamba mwanamke aliyepokea hela bila kutangazwa alikuwa na kauli zaidi juu ya matumizi yake. Niliposoma hayo nilimwona mama mdogo na mitetea yake.

Zanzibar nao wamepita njia nyingine ya kumstahi mtu. Pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hupewa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe nacho au hana. Hakuna anayesimamishwa mkutanoni kuthibitisha ufukara wake.

Hata hivyo simu haikuja na heri tupu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini vimesagika, mashine haivisomi. Jina kwenye kadi ya mlengwa likitofautiana herufi moja na la kitambulisho cha taifa, malipo yanaweza kukwama. Mtandao kijijini kwa mama mdogo hupatikana kwa uhakika chini ya mkorosho mmoja juu ya kilima, na wazee hupanda huko mmoja mmoja. Ukishaupata, wakala anaweza kukujibu kwamba floti imeisha, urudi kesho. Na pale Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, kabla ya kuipunguza, sisi wa mjini tulipiga kelele, lakini aliyeumia zaidi ni yule ambaye shilingi mia chache kwake ni unga wa chakula cha usiku.

Kubwa kuliko yote ni namba ya siri. Jirani wa mama mdogo, bibi wa umri mkubwa asiyejua kusoma, aliwekewa namba hiyo na kijana wa ndugu yake. Kijana akawa anatoa hela, anafuta ujumbe, anamletea bibi sukari na sabuni. Bibi akaamini kwamba serikali imemsahau, na kila alipoletewa sukari akamwombea kijana dua. Kamati ya kijiji ndiyo iliyogundua, ilipokuwa ikipitia orodha ya waliolipwa. Wizi wa namna ile usingewezekana kwenye benchi la mtendaji, kwa kuwa pale jina lake lingeitwa na kila mtu angesikia.

Pamoja na hayo yote, mimi nasimama upande wa simu. Sitaki mama mdogo arudishwe kwenye foleni ya wadai. Ila mashine isiachwe peke yake na mtu ambaye hakufundishwa kuitumia. Asiye na simu, au anayeishi pasipo mtandao, aruhusiwe kuchagua kupokea taslimu. Ada ya kutolea isimegwe kwenye ruzuku. Na kamati za kijiji ziendelee kuwa na orodha mkononi na kuwatembelea wazee nyumbani, kwa sababu kompyuta ikisema "imelipwa" haijui imemlipa nani.

Nawe msomaji, ikiwa una mzazi, shangazi au jirani anayepokea ruzuku hii, tenga jioni moja ukae naye. Mfundishe kuangalia salio. Mwambie ada halali ya wakala ni kiasi gani, ili asiongezewe. Kisha mpe simu yake abadilishe namba ya siri mwenyewe, tarakimu baada ya tarakimu, hata ikichukua saa nzima, na wewe usiitazame.