Mwanza kuna ua zuri, lakini usilibebe!

Ukifika Mwanza bila kupiga picha na Jiwe la Bismarck, kijiweni watakwambia hukufika. Haya, nenda ukapige. Ukimaliza sogea kule kwenye vivuko vya Kamanga uangalie maji ya pembeni. Siku upepo ukivuma kuelekea nchi kavu utakuta zulia la kijani lenye maua ya zambarau, utadhani kuna fundi wa bustani kayapanga. Yanavutia ile mbaya! Nilipokuwa hapo, dada mmoja mwenye kamera alikuwa anachomoa mche, eti anaupeleka Dar akautie kwenye kidimbwi cha uani kwake.

Dada, rudisha!

Hayo ndiyo magugu maji. Kwao Amerika ya Kusini, na mpaka yakazagaa duniani ni kazi ya watu kama huyo dada, wapenda maua. Ziwa Victoria yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukawa unayashusha. Yakipata joto na maji yenye rutuba yanaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Miaka ya 1990 yaliziba mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, mpaka wakaletwa fukusi wa kuyatafuna. Yakapungua, hayakwisha. Na mapema mwaka 2025 gugu jingine liitwalo salvinia lilivitesa vivuko vya Kigongo na Busisi, miezi michache kabla ya daraja kufunguliwa Juni mwaka huo. Salvinia nayo ni pambo la vidimbwi.

Sasa msomaji wangu, wewe mwenye kauwa kako Sinza au Kinondoni, unataka kidimbwi upande nini? Yungiyungi. Hilo ni letu, lile la bluu linaota lenyewe kwenye mabwawa ya Afrika Mashariki, na halina haraka ya kuteka nyumba. Linataka jua la kutosha, kama saa sita kwa siku, na maji yaliyotulia. Kwa hiyo sahau kuliweka chini ya mwembe, wala usiweke chemchemi ya kulirushia maji kichwani. Chukua chungu kipana, jaza udongo mfinyanzi (ule mwepesi wa maua utaelea wote), panda, funika na kokoto, kisha zamisha. Kina cha sentimita 30 hadi 60 kinatosha. Majani yakifunika nusu ya maji, punguza. Yakifunika yote, samaki watakosa hewa.

Mafunjo ni mazuri pia, lakini yale ya kwenye mabwawa yanapita mita tatu, yatachungulia kwa jirani. Ulizia ya aina fupi, nayo yakae kwenye chungu chake.

Kwenye vitalu vya pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo kijana mmoja alinionyesha beseni la mimea inayoelea. “Anti, hii haina matunzo, inajaa yenyewe.” Kaka, kujaa yenyewe ndiyo ninakokukimbia! Muuzaji akisifia hivyo, muage kwa heshima.

Kuna la mbu. Maji yaliyotulia ni wodi ya wazazi ya mbu, na malaria haijali kama kidimbwi chako kina ua la bluu. Nunua gapi, vile visamaki vidogo vya rangirangi, vinakula viluwiluwi vya mbu. Perege usiwatie, watakula na mimea. Ukiona huwezi kufuga hata samaki watano, panda asumini.

Mimea unayoipunguza usiitupe mtaroni. Ianike juani ikauke kabisa, halafu iingie kwenye shimo la mbolea. Mitaro ya Dar inaishia mitoni, na Msimbazi una shida zake tayari.